Koti Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi na dada yangu tumetoka tumbo moja, tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja na kuchapwa na mama yule yule. Ukimpa yeye kitambaa na mkasi, anakupa suti. Ukinipa mimi, nakurudishia matambara. Nimejaribu miaka nenda rudi kukata leso tu, kitu chenye pembe nne, na kila mara pembe hizo zinatoka kama zimegombana. Kwa hiyo mtu akianza kunihubiria kwamba akili iko kwenye damu, au kwamba inaletwa na malezi, huwa namwomba kwanza anieleze mimi nilikuwa wapi vitu hivyo vikigawiwa.

Kazi yangu katika chumba chetu cha ushonaji ni vifungo, matundu yake, pindo, na mdomo. Chumba chenyewe kiko chini, nyuma ya jengo la ghorofa, na dirisha lake kubwa linatazama ua wa saruji. Tuna vyerehani viwili na pasi nzito. Meza ya kukatia ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya miguu ya mbao. Tundu la kitasa bado lipo, na humo ndimo Dada anachomeka mkasi akimaliza kukata. Ukikuta mkasi umesimama kwenye tundu, ujue unaweza kuongea naye. Ukikuta haupo, funga mdomo, hata kama nyumba inaungua.

Dada hakati kwa mfano wa karatasi. Anakutazama ukiingia, anakuzungusha mara moja, anapima sehemu mbili tatu kwa ajili ya kukuridhisha tu, halafu anapapasa kitambaa kwa kiganja kana kwamba anamlaza mtoto. Chaki inafuata. Nimekaa pembeni yake tangu ujana na bado napigwa na butwaa kila anapofanya hivyo, kwa sababu kitambaa ni bapa na mtu ni wa mviringo, na mimi sijawahi kuona njia ya kutoka huku kwenda kule.

Mtoto aliletwa na Mkunga. Ndivyo kila mtu anavyomwita, Mkunga, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuamrisha ambaye amepokea nusu ya watu wa mtaa wetu na hakosi kuwakumbusha. Mama wa mtoto alikuwa mteja wetu. Dada ndiye aliyemshonea gauni la ujauzito, na hakuishi kulivua. Baba wa mtoto alikuwa kijana fundi bati asiyekuwa na chumba wala ndugu wa karibu. Dada hakujaliwa kuzaa. Mkunga akapanga mambo kama anavyopanga kila kitu, na jioni moja kichanga kikawa juu ya meza yetu, kimezungushiwa shuka, kichwa kikielekea kwenye tundu la kitasa.

Yule baba alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa zana, akasema atarudi akipata pa kukaa. Dada akamjibu kwamba akirudi ili kumchukua mtoto, ni heri asirudi kabisa. Ilikuwa kauli kali kwa mtu aliyetoka kuzika, lakini mimi niliyeiona mikono ya Dada ilivyomshika yule mtoto sikuthubutu kumlaumu. Kijana aliinamisha kichwa, akaondoka, na tukasikia baadaye kwamba alihamia mji mwingine.

Hatukumficha mtoto kitu. Alijua tangu utoto kwamba aliletwa. Tulimwita Chaki, maana hapakuwa na siku aliyotoka chini ya ile meza bila kuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka magoti.

Chini ya meza kulikuwa pia na kapu la makosa. Hii ni desturi ya Dada peke yake, sijaiona kwa fundi mwingine. Kwetu kitambaa kilichokatwa vibaya hakitupwi, na aliyekiharibu hagombezwi. Kinaingia kwenye kapu, na aliyekiharibu hana ruhusa ya kukata kingine mpaka akitafutie kile cha kwanza maisha mengine. Kola iliyokwenda upande inaweza kuwa mfuko. Suruali fupi ikawa begi. Mimi nilichangia kapu hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu hatimaye nikahamishiwa kwenye vifungo. Lakini Chaki alilelewa ndani ya lile kapu. Hakuwa na wanasesere. Alikuwa na makosa yetu, na kutwa nzima aliyageuza, akiyauliza kwa sauti, "Wewe ulitaka kuwa nani?"

Sasa nisimulie siku ya bomba la karatasi, kwa maana hapo ndipo nilipomwogopa mtoto kwa mara ya kwanza, na naomba neno hilo lieleweke kwa wema.

Alikuwa bado hajaota upya meno yake yote ya mbele. Kulikuwa na beseni la maji la kulowanisha kitambaa cha kupigia pasi, na yeye alikuwa amekunja kipande cha karatasi ya kaki kikawa bomba. Akalichovya bomba lile kwenye maji likiwa limeinama upande, akalitoa, akalikunjua. Maji yalikuwa yamechora mstari kwenye karatasi: unapanda taratibu, unafika kilele, unashuka. Alikaa akiutazama muda mrefu sana kwa mtoto. Kisha akainuka, akaiweka karatasi ile mbichi juu ya meza, juu kabisa ya mkono wa koti ambao Dada alikuwa ametoka kuukata.

"Mama," akasema, "mkono wa koti umo ndani ya bomba."

Haukulingana sawasawa. Lakini kilima kilikuwa kile kile. Mtu yeyote anayeshona anakijua kile kilima cha juu ya mkono, pale unapoungana na bega. Tunakikata kila siku na hatuulizi kwa nini kiko hivyo. Dada aliuchomeka mkasi kwenye tundu akakaa chini. Akaniambia amekata mikono ya makoti tangu ujana wake bila kujua kwamba alikuwa akikata bomba lililoinama, na kwamba ni mtoto wa chini ya meza aliyekuja kumwambia. Nywele zilinisimama. Siku nzima tulikuwa tunachovya karatasi kwenye maji, wanawake wazima wawili, tunashangilia kila kilima kinachotokea, na wateja wanatuona tumerukwa na akili.

Tangu hapo hakukamatika. Alipokuwa msichana alikuwa akimaliza hesabu za shule kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni, kisha anakuja kukata. Wateja walimtazama wakasema, huyu karithi kwa mama yake, hakuna cha kuuliza. Dada alitabasamu tu. Mkunga, aliyejua ukweli, alikuwa na msimamo wake. Alishikilia kwamba mtu anazaliwa na kila kitu chake ndani. Wapo watoto wanaotoka macho wazi wakaanza kumkagua, na Chaki alikuwa mmoja wao. Malezi, kwa mujibu wa Mkunga, ni kumlisha na kumwogesha tu yule aliyekwisha kuwa.

Maneno hayo yalimchoma Dada kuliko alivyoonyesha. Siku moja tukiwa wawili tu, mkasi ukiwa tunduni, alinifungulia moyo.

"Pua si yangu," akasema. "Miguu si yangu, hata kucheka kule si kwangu. Nakubali yote. Lakini kile kichwa, mdogo wangu, nimekishona mwenyewe. Hicho ndicho changu."

Nilimwitikia. Ningefanya nini? Yule mtu alikuwa hana utajiri mwingine.

Chaki alipokuwa mwanamke mzima, akishona kwa cherehani cha pili na kukata kwenye nusu ya meza, mwenye jengo aliagiza mifereji ya paa ibadilishwe kabla ya mvua. Asubuhi fundi bati akaingia uani na mabati yake, mtu wa makamo, mwembamba, kichwa kimeanza mvi. Alitusalimu kupitia dirishani kwa adabu iliyopita kiasi. Mimi nilikuwa natoboa tundu la kifungo. Niliinua macho, nikayaona masikio yake, makubwa, yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, na sindano ikaniingia kidoleni. Masikio yale nilikuwa nayaona kila siku kwenye cherehani cha pili.

Dada naye alikuwa amemtambua. Aliendelea kupiga pasi, ila alikuwa anapiga pasi mahali pamoja.

Angeweza kuvumilia masikio. Kilichomwangusha ni bati. Pale ambapo mfereji wa paa unakutana na bomba la kushukia ukutani panahitajika kiwiko, na kiwiko hicho fundi hununua au huunda mwenyewe. Huyu aliunda. Alilaza bati jipya juu ya saruji mbele ya dirisha letu, akalipapasa kwa kiganja, akatoa kipande cha chaki mfukoni, na bila kupima akachora mstari mmoja: unapanda taratibu, unafika kilele, unashuka. Akakata, akakunja, na vipande viwili vikakutana vikawa kona isiyo na upenyo wa kupitisha uzi.

Niliupenda ule mstari, siwezi kusema uongo. Ulikuwa wa kutisha kwa uzuri. Watu wawili ambao hawajawahi kuzungumza zaidi ya maneno machache ya mlangoni, mmoja kwenye sufu na mwingine kwenye bati, walikuwa wamechora kilima kimoja maisha yao yote. Lakini niligeuka nikamwona Dada, na furaha ikaniishia.

"Kumbe," akasema. Ni hilo tu.

Juu ya meza siku hiyo palikuwa na kitambaa cha Mkunga. Alikuwa amezawadiwa na mtu aliyetoka mbali, sufu nzito, kijivu upande wa nje na buluu ya giza upande wa ndani, kisichopatikana madukani petu, na kilitosha koti moja tu bila hata kipande cha ziada. Dada akachukua mkasi. Nilitaka kumwambia apumzike kwanza, lakini mkasi haukuwa tunduni, kwa hiyo nikanyamaza. Laiti ningesema.

Alikata mikono miwili ya kushoto.

Kwa asiyejua: mkono wa koti una mbele na nyuma. Mbele umeliwa na mkasi kidogo zaidi ili mtu aweze kunyoosha mikono bila koti kumkaba. Kwa hiyo wa kulia na wa kushoto hutazamana, na fundi anayekata mmoja mmoja lazima akumbuke kugeuza. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mimi nimelifanya mpaka likanizoea. Dada hakuwahi.

Nilianza kucheka kwa mazoea, nikidhani ananitania. Kisha nikaona machozi yanadondoka kwenye sufu.

"Si changu," akasema. "Nilimlisha na kumwogesha. Mkunga alikuwa anasema kweli."

Chaki aliinua mguu kwenye cherehani, kikasimama. Dada akamweleza palepale, bila kupamba, kwamba yule aliyeko nje ni baba yake mzazi, na kwamba ni yeye Dada aliyemkataza kurudi.

"Najua, Mama," Chaki akasema. "Nimeyaona masikio."

Akatoka uani. Tulibaki dirishani kama watoto waliozuiwa kucheza. Hatukusikia mwanzo wa mazungumzo yao, tuliona tu yule mzee akivua kofia na kuishika kwa mikono miwili, na Chaki akichutama kando ya bati lililobaki, akipitisha kidole kwenye ukingo wa ule mstari. Walizungumza kidogo. Kisha nikamsikia akimuuliza, kwa sauti yake ya kazi, kama bati lina ndani na nje.

Yule mzee alisema halina. Bati ni bati, ukikosea upande unaligeuza.

Chaki alisimama ghafla. Namjua. Akisimama hivyo, ni kwamba ameshaona kitu na sisi tutakiona baada ya saa moja.

Aliingia, fundi akimfuata kwa nyuma, akawa anamwambia, "Karibu ndani, Mzee, usisimame hapo mlangoni." Akachukua mkono mmoja wa kushoto, akaugeuza, buluu ikawa nje na kijivu ndani, na hapo hapo ukawa wa kulia. Dada akasema kwa uchovu kwamba hilo kila mtu analijua, lakini nani atavaa koti lenye mkono wa rangi nyingine, litaonekana ni kosa. Chaki akajibu kwamba litaonekana ni kosa likiwa peke yake. Akaichukua kola, akaigeuza buluu. Akageuza mfuko mmoja, ule wa upande wa mkono wa kijivu. Akageuza na ukanda wa mbele unaobeba vifungo. Kisha akavipanga vyote juu ya meza, vikiwa havijaguswa na sindano, na akarudi nyuma.

Mbele yetu lilikuwa limelala koti la kijivu na buluu ambalo lilionekana limekusudiwa hivyo tangu siku mwenye kiwanda alipofuma kitambaa. Jicho lilikuwa linatoka kwenye mkono kwenda kwenye kola, linashuka mfukoni, linarudi. Huwezi kuhamisha kitu hata kidogo. Kosa halikuwa limefichwa. Lilikuwa ndilo linaloshikilia koti zima. Nimeona mengi kwenye chumba kile lakini pale nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada kwa bahati mbaya.

Yule fundi alilizunguka koti bila kuligusa. Akauliza ni nani aliyemfundisha kufanya hivyo na kitu kilichoharibika. Chaki akainama, akavuta kapu kutoka chini ya meza, akamwonyesha. Alimweleza kwamba hapa hakuna kinachotupwa na hakuna anayegombezwa, na kwamba yeye alikulia humo.

Mzee alitia mkono kwenye kapu, akatoa moja ya leso zangu, akaitazama kwa heshima ambayo haikuistahili. Kisha akakaa kwenye stuli ya wateja na kusema yaliyomleta. Alikuwa ameoa tena huko alikohamia, akapata wavulana wawili. Aliwalea ndani ya karakana yake, damu yake, bati lake, kila siku mbele ya macho yake. Walipokosea kukata, aliwapiga kwa mpini wa nyundo, kama naye alivyopigwa na bwana wake. Sasa ni watu wazima, na hakuna hata mmoja anayeweza kushika mkasi wa bati mikono isitetemeke. Yeye alidhani hawakuzaliwa na kichwa. Aliposikia habari za Chaki, akaiomba kazi ya mifereji hii ili amtazame kwa mbali tu, halafu aende zake.

"Nilikuja kuona nilichompa huyu," alimwambia Dada. "Nimeona nilichowanyima wale."

Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilijua swali lililomkaa kooni, na nilijua hatanyamaza nalo, kwa sababu katika hilo tu tumefanana.

"Basi niambie ukweli, Fundi," akasema. "Kile kichwa ni cha nani? Mimi nilidhani nimekishona mimi."

"Na mimi nilidhani nimekileta mimi," mzee akasema. "Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Chaki alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini.

"Mnagawana kichwa changu kama kitambaa," akasema, "na mwenyewe nimesimama hapa nakitumia."

Nilikuwa wa kwanza kucheka. Mzee akafuata, na Chaki naye, na hapo nikaacha kucheka, kwa maana kucheka kule kusiko kwetu, ambako Dada alikuwa amekutaja, kulikuwa kwake kabisa, kunaanzia puani. Dada alikusikia pia. Nilimtazama, nikaogopa. Lakini uso wake haukuanguka tena. Alikuwa anawasikiliza wote wawili, baba na binti, kama alivyoisikiliza karatasi mbichi siku ile, na machozi yalikuwa yanamtoka bila uchungu.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza amekifunga kiwiko chake ukutani mvua ilipoanza mchana huo huo, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Maji yalikimbia juu ya paa, yakaingia mferejini, yakafika kwenye kiwiko, yakakata kona, na ukutani halikushuka hata chozi. Sote wanne tulisimama dirishani kuyasikiliza. Mzee alisema atarudi na wanawe, ikiwa itaruhusiwa, waje walione lile kapu. Dada akamwambia asirudi bila wao.

Mkunga alikuja kulichukua koti lake lilipokamilika. Alijizungusha mbele ya kioo, akajitazama mkono, akajitazama kola, akatutangazia kwamba alisema tangu zamani, kipaji ni cha kuzaliwa. Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na majibu ya kutosha kumweka pale mpaka jua lizame. Lakini nilitupia jicho mezani, na mkasi haukuwa tunduni. Dada alikuwa ameushika, ananyoosha sufu mpya, na kabla ya kukata alimwita binti yake.

"Chaki, mwanangu," akasema, "hebu njoo unikumbushe kugeuza."